Mama Lebo na Maharage ya Dada Mkubwa

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa kazini mliofika kumsindikiza Mama Lebo, poleni na karibuni tumkumbuke jinsi alivyoishi. Kabla wasifu huu haujapelekwa kuchapwa, ulisomwa mbele ya dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea. Palipoandikwa kwamba marehemu hakuwahi kumkosea mtu, Dada Mkubwa aliinua mkono akasema, "Futa hapo. Mimi alinikosea, tena kwa kukusudia, na alifanya vizuri. Andikeni ilivyokuwa." Basi imeandikwa ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Februari 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yao alikuwa fundi wa mabehewa na mama yao alikuwa mshona nguo. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake, na kati yao palikuwa na miaka tisa. Mama yao alifariki mwaka 1963, marehemu akiwa na miaka minane, na baba alikuwa mtu wa safari za kikazi, wiki yuko, wiki hayuko. Kwa hiyo Dada Mkubwa, akiwa na miaka kumi na saba, aliacha mambo yake akawa mama wa nyumba. Alipika maharage kwenye sufuria kubwa, akayauza kwa upawa kwenye lango la majengo yaliyokuwa yakijengwa karibu na karakana. Kwa maharage hayo marehemu alivaa, alikula na alisoma. Alipenda kusema kwamba yeye ni zao la maharage kwa asilimia mia moja, hakuna kilichoongezwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1972. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alijulikana zaidi kwa tukio la kidato cha pili. Siku moja Dada Mkubwa alirudi kutoka dukani akiwa na kopo la samaki, na furaha tele usoni. Kopo lilikuwa limevimba juu na chini kama ngoma.

"Tazama lilivyojaa," alisema. "Mwenye duka amejipunja mwenyewe. Bei ile ile, samaki mara mbili."

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa amefundisha habari za gesi na vijidudu. Marehemu alilitazama kopo, hakulipenda. Asubuhi alilificha ndani ya sweta akaenda nalo shuleni kumwonyesha mwalimu. Mwalimu alipoliona alishusha sauti. "Weka mezani. Taratibu. Sasa tokeni nje mmoja mmoja, msikimbie." Walikimbia wote, mwalimu akiwa wa tatu. Lilipolipuka, mchuzi ulifika darini na harufu ilifika ofisi ya mwalimu mkuu, na wiki ile yote darasa lilisomea nje.

Jioni Dada Mkubwa aliuliza, "Samaki wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye dari ya shule, dada. Na mimi na wewe tuko hai."

Tangu siku hiyo alijua anachotaka kufanya duniani. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha serikali cha mambo ya vyakula, akahitimu cheti mwaka 1975. Tarehe 1 Julai mwaka huo aliajiriwa na idara ya viwango kama mkaguzi msaidizi wa vyakula vya makopo, na hakuihama idara hiyo mpaka alipostaafu.

Wengi wetu tulijua kwamba alikuwa mkaguzi, lakini si wengi waliojua mkaguzi hufanya nini. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya benki. Ilikuwa na meza ndefu ya bati, sinki mbili, mizani, machujio ya waya ya ukubwa mbalimbali, na rafu zilizojaa makopo kutoka viwandani na madukani. Alianza kwa kulipiga kopo polepole kwa kijiti cha mbao huku ameliweka karibu na sikio. Kopo zima lina sauti yake, na kopo lililoingiwa na hewa lina sauti nyingine. Kisha alikagua mshono, mahali bati la mfuniko linapokutana na bati la ubavu. Kisha alilipima, akalifungua, akamimina kwenye chujio, akasubiri maji yadondoke yote, akapima kilichobaki. Mwisho alisoma lebo: jina la chakula, vilivyomo kwa kufuata wingi wake, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kama picha ilionyesha njegere mbichi nzima na ndani mlikuwa na njegere zilizopondeka, alimwandikia mwenye kiwanda barua ya heshima, na kopo halikwenda popote.

Jina la Mama Lebo alipewa na wenye maduka. Alipoonekana mwanzoni mwa mtaa na mkoba wake wa kahawia, mtu wa duka la kwanza alipiga mluzi, na mtaa mzima ukaanza kusogeza makopo. Mwenye duka la kona, ambaye tunaye hapa leo, alikumbuka mabishano yao ya kila mwezi.

"Mama Lebo, hili limebonyea kidogo tu. Hata mimi nimebonyea, mbona mke wangu hajanirudisha?"

"Wewe umebonyea tumboni, hili limebonyea kwenye mshono. Lako ni la mke wako, hili ni la serikali. Litoe."

"Nile mwenyewe basi?"

"Ukila mwenyewe, wiki ijayo nani atabishana na mimi?"

Alilitoa. Kwa muda wote aliokagua mtaa ule, hakuna aliyemsikia akimfokea mtu. Alisema kwamba kopo haliwezi kujitetea na mnunuzi haoni ndani, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa nje ndiyo neno la heshima kati ya watu wawili wasiojuana.

Mwaka 1979 ofisi yao ilipelekewa mizani mpya, na fundi mizani alitumwa kuifunga. Fundi huyo alirudi wiki iliyofuata kuikagua, na wiki iliyofuata tena, na tena. Mkuu wa ofisi alipomuuliza mizani ina ugonjwa gani usiopona, kijana alijibu kwa ukweli wa kazi yake: "Mizani ni nzima, mzee. Mgonjwa ni mimi." Posa ilipelekwa kwa Dada Mkubwa kwa sababu baba alikuwa ameshafariki. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, binti wawili na mvulana mmoja katikati.

Nyumba ya mkaguzi na fundi mizani haikuwa nyumba ya kubahatisha, ila mara moja. Kazini, kabla ya kuonja, wakaguzi hubandua lebo na kuandika namba kwenye makopo, ili mwonjaji asijue kopo ni la nani asije akapendelea. Marehemu alipenda utaratibu huo mpaka akauleta nyumbani. Makopo yote ya stoo yao yalikuwa uchi, kila moja na namba yake, na tafsiri ya namba alikuwa nayo kichwani. Mwaka 1984 mama mkwe alikuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza. Kitunguu kikiwa kinakaangwa, marehemu alimtuma mumewe stoo alete namba nne, nyanya. Fundi mizani alilifungua akalimimina lote sufuriani kabla ya kulitazama. Namba nne lilikuwa mananasi katika sharubati.

Muda wa kupika kingine haukuwepo, wakaongeza pilipili wakaandaa. Mama mkwe alikula, akasogeza sahani mbele aongezewe. "Mwanangu," alimwambia fundi mizani, "mkeo anapika kisomi." Kila alipokuja baada ya hapo aliomba mchuzi ule ule, na lebo zikaachwa mahali pake.

Watoto nao walilelewa kwa karatasi. Hakuna aliyeruhusiwa kula biskuti kabla ya kusoma kwa sauti vyote vilivyoandikwa kwenye pakiti. Ndivyo walivyojifunza kusoma, na ndiyo sababu wote watatu walijua neno "kihifadhi" kabla ya neno "likizo". Kitinda mimba aliwahi kusinzia kabla hajafika kwenye chumvi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo Dada Mkubwa alitaka lisirukwe.

Yale maharage ya upawa hayakuishia langoni. Mwaka 1986 Dada Mkubwa alifungua kiwanda kidogo cha makopo katika ghala la zamani la magunia, akiwa na wafanyakazi wanne, baadaye arobaini. Kopo lake lililopendwa liliitwa "Maharage na Nyama". Kwenye lebo palikuwa na picha ya bakuli linalofuka moshi, vipande vya nyama vimelala juu ya maharage kama watu waliopumzika. Siku kiwanda kilipofunguliwa, marehemu alikwenda kwa mkuu wa ofisi akamweleza kwamba mwenye kiwanda ni dada yake wa tumbo moja, na kwamba kwa kanuni hapaswi kukikagua. Jalada alipewa mkaguzi mwenzake, mtu mchangamfu aliyejulikana ofisini kama Bwana Pitisha. Bwana Pitisha alipima uzito, akakagua mshono, akanywa chai aliyoandaliwa, akasema, "Pitisha." Hakuwa mtu mbaya. Machujio tu ndiyo hakuyapenda, kwa sababu yalimlowesha mikono ya shati.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Machi 1991. Siku moja fundi mizani alirudi kutoka kazini, akakaa, akasema kwa upole, "Mke wangu, leo mchana tulifungua kopo la shemeji. Nyama tuliitafuta wanne."

"Mkaipata?"

"Mmoja alisema ameiona. Hatukuwa na ushahidi."

Marehemu hakucheka. Kesho yake alinunua makopo matatu, kila moja duka lake, akapewa risiti. Jumapili alikwenda nayo kwa dada yake. Dada Mkubwa alikuwa jikoni, anachambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona unaniletea makopo? Kwangu yameisha?"

"Haya nimeyanunua dukani. Niazime chujio."

Alifungua matatu yote juu ya meza ile, akachuja, akaokota nyama kwa ncha ya uma, akaiweka kwenye kisahani cha chai. Kisahani hakikufunikwa hata nusu.

"Dada, hii ndiyo nyama ya makopo matatu."

"Si ipo?"

"Kwenye picha kuna bakuli zima."

"Picha ni picha! Hata kwenye picha ya harusi yako umetoka mzuri kuliko ulivyo, nani amekushtaki?"

"Mimi siuzwi dukani, dada. Kanuni imeweka kiasi. Kisipofika, chakula hakiitwi 'na nyama'. Ongeza nyama, au badilisha jina. Ukianza wewe mwenyewe, hakuna atakayekugusa."

Dada Mkubwa aliweka ungo chini. Nyama ilikuwa imepanda bei mara mbili kwa mwaka mmoja, na wenye maduka walikataa kupandisha bei ya kopo. Alikuwa na watu arobaini wanaomsubiri mwisho wa mwezi. Alipunguza kipande kimoja, halafu kingine, na kila mara alijiambia ni mpaka hali itengemae. Hayo aliyaeleza miaka mingi baadaye. Siku ile alisema jambo moja tu.

"Nilikubeba mgongoni. Nikakulisha, nikakuvisha, nikakusomesha. Leo unanihesabia vipande vya nyama? Umekuja hapa kama mdogo wangu, au kama serikali?"

"Nimekuja kama mtu aliyenunua makopo matatu."

"Basi mteja, mlango ule pale. Nenda kashtaki."

Marehemu hakulala vizuri, mumewe alishuhudia. Angeweza kunyamaza. Jalada halikuwa lake, na Bwana Pitisha angeendelea kupitisha. Lakini asubuhi alikwenda kazini, na badala ya kupanda ngazi kwenda kwenye meza yake, alipanga foleni chini, kwenye dirisha la malalamiko ya wananchi, nyuma ya mtu mwenye mkate ulioota ukungu.

Karani alipomwona alishangaa. "Mama Lebo, si upande tu juu?"

"Juu ni kwa wakaguzi. Leo mimi ni mnunuzi. Nipe fomu."

Alijaza jina lake kamili, na mahali palipoulizwa kama anamfahamu mlalamikiwa, aliandika: "Ndiyo. Ni dada yangu, ndiye aliyenilea."

Wakaguzi waliletwa kutoka ofisi nyingine ili pasiwe na maneno. Walikuta chakula ni salama, mshono imara, usafi wa hali ya juu, na jina si la kweli. Makopo yote yalifungiwa ghalani mpaka lebo ibadilishwe. Kiwanda kilisimama na wafanyakazi wakapewa likizo wasiyoiomba. Ukoo nao uligawanyika. Mjomba wao mmoja alikuja mpaka nyumbani kwa marehemu, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Fadhila za punda ni mateke."

"Kweli mjomba," marehemu alimjibu. "Lakini mzigo anaubeba nani? Kaa unywe chai."

Mjomba alikaa akanywa.

Kilichomuumiza marehemu hakikuwa maneno ya ukoo. Alikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita mama kwa matendo, na mtu huyo alikuwa amemfungia mlango. Kila Jumapili alikwenda. Alisimama barazani akasema, "Shikamoo dada." Dada Mkubwa, aliyemfundisha mwenyewe kuamkia wakubwa kabla hajajua kuhesabu, alitazama ukutani. Marehemu alisubiri kidogo, akasema, "Haya, nimeshaamkia," akarudi nyumbani. Jumapili iliyofuata alikwenda tena. Ilikuwa hivyo mpaka Machi ikaisha, Aprili yote, mvua zikaja zikaisha, ukuta ukitazamwa.

Lebo mpya zilitoka kiwanda cha uchapaji mwezi Agosti: "Maharage katika Mchuzi wa Nyama", bila picha ya bakuli. Kwa kanuni, kubandua na kubandika kulifanyika ghalani mbele ya mkaguzi wa ile ofisi nyingine, mzee mmoja mwenye miwani aliyepewa kiti mlangoni. Wafanyakazi walikaa kwenye meza ndefu na ndoo za maji, matambara na makopo ya gundi. Kazi ilikuwa kubwa na mikono ilikuwa michache. Marehemu alichukua likizo yake ya mwaka, akafunga kitambaa kichwani, akaingia ghalani.

"Shikamoo dada."

Dada Mkubwa hakuinua macho. "Kama umekuja kusimama, ukuta upo. Kama umekuja kubandika, gundi ile pale."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu Machi. Marehemu alikaa haraka, kabla hayajabadilika, akaanza. Alibandika kwa ari ya mtu aliyeahidiwa pepo. Lebo zake zilikaa wima, kingo zimekutana sawasawa, hakuna kiputo wala mkunjo. Kufika adhuhuri alikuwa amejaza meza nzima peke yake.

Dada Mkubwa alipita akikagua, mikono nyuma. Alifika kwenye meza ile, akachukua kopo moja. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akachukua la pili.

"Meza hii nani ameibandika?"

Wafanyakazi walitazama ndoo zao.

"Mimi, dada."

"Tarehe ya kuisha iko wapi?"

Tarehe ilikuwa imepigwa mhuri kwenye bati lenyewe, karibu na kitako, na lebo mpya ilitakiwa kuanzia juu yake kidogo. Marehemu, kwa kupenda kingo zilingane, aliishusha kila lebo mpaka chini kabisa. Hakuacha tarehe hata moja ionekane. Kwa kanuni aliyoisimamia miaka kumi na sita, kuficha tarehe lilikuwa kosa kubwa kuliko kukosea jina. Mzee mwenye miwani aliinuka kitini, akaja akatazama, akarudi akakaa. Hakuwa na hakika sheria inasema nini mkaguzi mwenyewe anapotenda kosa.

"Jamani," Dada Mkubwa alisema kwa sauti ya kutangaza, "njooni muone. Serikali imeficha tarehe!"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Ghala zima likacheka naye, na mzee wa mlangoni akavua miwani akaifuta. Marehemu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, gundi mpaka viwikoni. Dada Mkubwa alipopata pumzi alimwekea mkono begani.

"Marahaba," alisema. "Marahaba. Marahaba. Marahaba. Marahaba. Hizo ni zako zote tangu Machi, kama zimepungua utanidai. Sasa bandua."

Walibandua pamoja mpaka jioni.

Kopo la mchuzi wa nyama liliuzwa polepole, halafu vizuri. Mwaka 1993 nyama iliposhuka bei, Dada Mkubwa alirudisha jina la zamani, safari hii na nyama yake. Siku kopo la kwanza lilipotoka alimwita mdogo wake na chujio, akasimama pembeni amekunja mikono mpaka kisahani kilipojaa na kumwagika. Marehemu alisema yeye si mkaguzi wa kiwanda hicho, hana mamlaka ya kutoa maoni. Kisha akaomba kijiko. Bwana Pitisha naye alijirekebisha. Alinunua aproni ya plastiki, akaanza kuchuja, na alipostaafu alisema Mama Lebo hakuwahi kumsema, ila alimwachia chujio mezani kila asubuhi.

Marehemu alipanda cheo hadi mkaguzi mkuu mwaka 1998, akafundisha wakaguzi vijana wengi, na akastaafu tarehe 9 Februari 2015, siku aliyotimiza miaka sitini. Katika kustaafu kwake alilima bustani, alilea wajukuu, na aliendelea kuchelewesha foleni za madukani kwa kusoma kila kitu kabla ya kukilipia. Kila Jumapili alikula kwa dada yake.

Mwaka 2019 aligundulika na ugonjwa wa figo. Alitibiwa na kupata nafuu, lakini kuanzia Oktoba 2022 alilazimika kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo. Aliwazoea akawatania. Siku aliyolazwa mwaka huu, kadi ya kitandani ilimwandika miaka themanini na sita badala ya sitini na minane. Alimwita muuguzi akamwonyesha. "Binti yangu, tarehe yangu ya kutengenezwa mmeikosea. Mtu akisoma hapa ataniondoa kwenye rafu." Muuguzi alicheka akarekebisha, na baada ya hapo alikuwa akipita hata wakati wa zamu ya wengine ili kumsalimu.

Juma la mwisho Dada Mkubwa, mwenye miaka sabini na saba, alikaa naye kila siku kuanzia asubuhi. Siku moja alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Wewe mtoto, mwaka ule ungeninyamazia tu, ungepungukiwa nini?"

Marehemu alimgeukia.

"Hamu ya kula kwako, dada. Ningekuwa nakaa mezani pako kila Jumapili, natafuna, nanyamaza. Mtu hashibi hivyo."

Dada Mkubwa alimrekebishia mto. "Haya," alisema. "Basi ulifanya vizuri kunishtaki." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo, na kwa kuwa wajukuu wawili walikuwepo, halikuweza kukanushwa.

Aliaga dunia kwa utulivu asubuhi ya Jumatano tarehe 17 Mei 2023, akiwa na miaka sitini na minane, mumewe ameshika mkono mmoja na dada yake mwingine.

Ameacha mume, fundi mizani mstaafu. Watoto watatu, ambao ni muuguzi, dereva na mwalimu. Wajukuu watano, wanne kati yao wanajua kusoma pakiti ya biskuti na wa tano anajifunza. Dada yake mkubwa pamoja na watoto wake wanaoendesha kiwanda. Wakwe, wapwa, majirani, na wakaguzi aliowafundisha, ambao wamekuja leo wakiwa na mikoba ya kahawia bila kuambiana.

Baada ya mazishi Dada Mkubwa anawaalika nyote nyumbani kwake. Amesema tuwatangazie kwamba chakula kipo cha kutosha, kwamba amekipika mwenyewe, na kwamba atakayetaka kujua kilichomo amuulize bila kuona haya, maana ameshafundishwa kujibu.

Mungu ampokee Mama Lebo na kumpumzisha kwa amani.